Idara ya dharura ikijaa: anza na mlango wa kutokea

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya muuguzi mkuu, daktari wa zamu na msimamizi wa hospitali ya umma hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambao kila asubuhi huzikuta machela zimepangwa ukutani hadi mlango wa maabara, na wagonjwa wawili wamelazwa kitanda kimoja, kichwa huku na miguu kule. Nimekuwa muuguzi wa idara ya dharura, ile tunayoiita sote urjansi, kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini, kama walivyoamini wenzangu, kwamba tunajaa kwa sababu wanaoingia ni wengi mno. Ni kweli kwamba mji umepanda milima yake yote, kwamba Kadutu imebanana nyumba kwa nyumba, kwamba watu wengi wameyakimbia mashamba yao ya Kabare, Walungu na Kalehe, na kwamba mitumbwi kutoka kisiwa cha Idjwi hushusha wagonjwa ufukweni alfajiri. Hata hivyo, ukipita kati ya machela hizo na kumuuliza kila mmoja anangoja nini, utagundua kwamba wengi wao wamekwisha kuonwa na daktari, wamekwisha kuandikiwa kulazwa, na wako pale kwa sababu huko juu wodini hakuna kitanda kilicho wazi.

Usiku mmoja wa msimu wa mvua mama mmoja aliteremka kwenye pikipiki akiwa na mtoto wa miaka kama mitatu, viganja vyeupe kama chaki, kifua kikipanda na kushuka kwa haraka, malaria ikiwa imemla damu. Nilimpatia nafasi kwenye benchi, katikati ya baba aliyevunjika mguu na bibi mwenye shinikizo la damu, na mfuko wa damu nikautundika kwenye msumari wa dirisha. Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, tutalala hapa hapa?" Nilipanda wodi ya watoto kuomba kitanda, nikakuta vitanda vitatu ambavyo wenyewe walikuwa sakafuni wakicheza na vizibo vya soda. Watoto wale walikuwa wamepona; ruhusa yao ilikuwa imeandikwa siku nne nyuma, lakini fakture, yaani bili ya hospitali, haikuwa imelipwa. Tangu usiku ule, idara ikijaa, mimi hutazama kwanza mlango wa kutokea.

Hesabu kabla ya kuomba jengo jipya

Chukua daftari kubwa la mistari, lipige safu, na kwa siku 7 mfululizo, usiku na mchana, andika nyakati 4 kwa kila mgonjwa: alipofika mlangoni, alipoonwa na daktari, ulipotolewa uamuzi wa kumlaza au kumruhusu, na alipoondoka kweli katika idara. Wakati huo wa mwisho ndio unaosahauliwa katika madaftari yetu mengi, kwa sababu kalamu hukoma pale daktari anapoandika "alazwe", kana kwamba neno hilo humbeba mgonjwa hadi wodini. Mkabidhi mtu mmoja katika kila zamu kazi hiyo, ikiwezekana yule wa mapokezi, na usikubali aandike "asubuhi" au "jioni". Aandike saa na dakika.

Sababu ya kusisitiza nyakati hizo ni kanuni moja ya hesabu ambayo Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961, na ambayo haihitaji kompyuta: idadi ya watu waliomo mahali fulani ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa moja mara saa ambazo kila mmoja hukaa humo. Tuchukue mfano wa idara inayopokea wagonjwa 48 kwa siku, yaani 2 kwa saa. Kati yao 36 hutibiwa na kurudi nyumbani baada ya saa 3 kwa wastani, na 12 huandikiwa kulazwa lakini hukaa saa 20 kabla ya kupata kitanda. Wale 36 ni mtu mmoja na nusu kwa saa. Mara saa 3, wanachukua nafasi 4 na nusu. Wale 12 ni nusu mtu kwa saa. Mara saa 20, wanachukua nafasi 10. Kwa hiyo robo ya wagonjwa wamekalia zaidi ya theluthi mbili ya nafasi zote, na hawa ndio wale ambao kazi ya idara ya dharura juu yao imekwisha.

Endelea na hesabu hiyo hiyo, kwani ndani yake mna habari njema. Ukifaulu kushusha kungoja kwa wale 12 kutoka saa 20 hadi saa 8, watachukua nafasi 4 badala ya 10, na idara yote itashuka kutoka nafasi 14 na nusu hadi 8 na nusu bila kununua godoro hata moja. Sasa linganisha na lile tunalolipenda sana sisi wauguzi, la kuwarudisha nyumbani wenye mafua na vidonda vidogo: ukiwafukuza wagonjwa 12 wa namna hiyo, ambao hukaa saa 2 tu, na tena hukaa kwenye benchi, utakuwa umeokoa nafasi 1. Fanya hesabu hii kwa tarakimu za idara yako mwenyewe, iandike kwenye karatasi kubwa, na uibandike mahali ambapo mkurugenzi hupita. Nimeona karatasi ya namna hiyo ikibadilisha mazungumzo ambayo malalamiko ya miaka hayakuyagusa.

Hesabu pia vitanda vya wodi zenyewe. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 1999, kwa kuiga mwenendo wa hospitali katika kompyuta, kwamba vitanda vilivyokaliwa vikizidi asilimia 85 hatari ya mgonjwa wa dharura kukosa kitanda huanza kuonekana, na vikizidi asilimia 90 uhaba huwa wa mara kwa mara. Kwa wodi ya vitanda 40, asilimia 85 ni vitanda 34. Wodi iliyojaa 40 kwa 40 kila siku inaweza kusifiwa kwa kufanya kazi sana, lakini haina pa kumweka mtoto anayeletwa saa nane usiku.

Kufungua mlango wa kutokea

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako nyingi, hata kama wewe ni wa idara ya dharura na wodi si zako.

Anza na mpangilio wa ziara ya daktari asubuhi. Katika wodi nyingi daktari huanza kitanda namba 1 na kumalizia cha mwisho, akifuata ukuta, hivi kwamba mgonjwa wa kitanda namba 28, aliyekuwa tayari kwenda nyumbani tangu jua kuchomoza, anaonwa saa saba mchana, anapata karatasi yake saa nane, na akifika kwenye dirisha la malipo anakuta linafungwa. Amelala usiku mwingine kwa sababu ya mahali kitanda chake kilipo. Mwombe daktari awaone kwanza walio mahututi, kisha wanaotarajiwa kutoka, na wengine wafuate, ili karatasi za ruhusa ziwe zimetiwa sahihi kabla ya saa nne asubuhi. Daktari hataongezewa kazi, atageuza tu mfuatano wa ile aliyo nayo.

Ili awajue wanaotarajiwa kutoka, lazima jioni iliyotangulia muuguzi mkuu wa wodi awe ameandika majina yao. Orodha hiyo iende sehemu tatu: kwa daktari wa zamu, kwa dirisha la malipo ili fakture iandaliwe usiku, na kwa familia yenyewe. Familia inayoambiwa saa kumi na mbili jioni kwamba "kesho mama anatoka" ina usiku mzima wa kumpigia simu mjomba, kutafuta pikipiki na kukusanya pesa; ile inayoambiwa saa sita mchana huanza siku hiyo safari ya kuomba msaada, na mgonjwa hubaki kitandani hadi iishe. Bora zaidi ni kuitaja fakture kila siku mbili, kwa faranga au kwa dola, ili isije ikawaangukia watu siku ya mwisho kama jiwe kutoka mlimani.

Sasa niseme juu ya waliopona wakazuiliwa kwa sababu ya deni, jambo linalouma, na ambalo tumelizoea kupita kiasi. Naelewa hofu ya msimamizi: serikali haitoi vya kutosha, mishahara ya wengi wetu hutegemea kile wagonjwa wanacholipa, na dawa zikiisha hakuna atakayetuletea bure. Lakini kumzuilia mtu kitandani hakuleti pesa. Kila siku anayozuiliwa fakture yake inapanda, uwezo wake wa kulipa unashuka kwa kuwa hafanyi kazi, na kitanda alichokalia hakipokei mgonjwa mwingine ambaye angelipa. Tena Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, unakataza katika kifungu chake cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba.

Njia inayofaa zaidi, kwa uzoefu wangu, huanza siku ya kuingia. Mgonjwa akilazwa, ndani ya siku ya kwanza mtu wa huduma za jamii akae karibu naye na kumuuliza kwa heshima, si mbele ya watu: yuko katika mutuelle ya afya, yaani chama cha kuchangiana matibabu? Ana mwajiri? Ni mhamiaji wa vita ambaye shirika fulani linamgharamia? Parokia au kanisa lake linamjua? Maswali haya yakiulizwa siku ya kwanza huwa na siku kadhaa za kujibiwa; yakiulizwa siku ya ruhusa huwa ni kizuizi kingine. Asiyeweza kabisa aandikiwe hati ya kukiri deni, yenye kiasi anachoweza kulipa kila mwezi, na mashahidi wawili, mmoja awe mkuu wa avenue yake, yaani barabara ya mtaa anakoishi, kwa sababu mkuu huyo anajua nyumba ilipo. Wengine hawatalipa, na hilo liandikwe wazi katika hesabu za hospitali badala ya kufichwa chini ya shuka. Na pale utawala unapokataa kabisa kumruhusu mtu, basi angalau atoke kitandani: apewe chumba cha kungojea chenye mikeka na maji, na kitanda kioshwe siku hiyo hiyo.

Ili mambo haya yasiachwe kwa hiari ya mtu mmoja mwenye moyo mwema, fanyeni mkutano wa vitanda kila siku saa moja na nusu asubuhi, kwa dakika 10, mkiwa mmesimama, ndani ya idara ya dharura na si ofisini. Kila wodi iseme vitanda vingapi viko wazi sasa, vingapi vitafunguka kabla ya adhuhuri, na nani anamzuia yule aliyeandikiwa ruhusa siku nne nyuma. Nimesisitiza mahali kwa makusudi: muuguzi mkuu wa wodi anayesema "sina kitanda" huku akimtazama machoni mzee aliyelala sakafuni, mara nyingi hukumbuka kitanda kimoja.

Na siku ambayo kweli hakuna? Nafasi za idara ya dharura zikijaa zote, wagonjwa walioandikiwa kulazwa wagawanywe katika wodi zote, mmoja mmoja, hata kama atalazwa kwenye korido ya wodi akingoja kitanda. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Stony Brook, katika jimbo la New York, ndiyo iliyojulikana sana kwa utaratibu huo, na sababu yake inaeleweka hapa kama kule: mgonjwa mmoja wa ziada katika kila moja ya wodi 8 ni mzigo unaobebeka, lakini wagonjwa 8 wa ziada katika chumba kimoja, ambamo pikipiki inaweza kumshusha mwingine wakati wowote, ni hatari kwa wote. Wodi zitapinga. Kwa hiyo utaratibu huu uandikwe na kutiwa sahihi na mkurugenzi siku ya utulivu, ukitaja idadi kamili inayouanzisha, ili usiku wa manane muuguzi asilazimike kubishana na mtu.

Mlangoni, kwa wanaoingia

Kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali, yaani triaji, hakupunguzi msongamano. Kunazuia tu msongamano usiue. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu nimeona hospitali zikinunua vibandiko vya rangi na kudhani tatizo limekwisha.

Mpango wa rangi uliobuniwa Afrika Kusini, ambao mashirika kama Madaktari Wasio na Mipaka huutumia, unafaa mazingira yetu kwa sababu hauhitaji mashine ghali. Muuguzi huangalia kwanza dalili za hatari za wazi, kisha hutoa alama kwa jinsi mtu anavyotembea, anavyopumua, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto, fahamu, na kama ameumia. Jumla ya 7 au zaidi ni nyekundu na huonwa papo hapo. 5 hadi 6 ni rangi ya machungwa, ndani ya dakika 10. 3 hadi 4 ni njano, ndani ya saa 1. Chini ya hapo ni kijani, ndani ya saa 4. Watoto wana alama zao, wala usiwapime kwa kipimo cha wakubwa. Kwao anza daima na dalili ambazo Shirika la Afya Duniani hufundisha: njia ya hewa iliyoziba au kupumua kwa shida kubwa, mikono ya baridi na mapigo dhaifu, kupoteza fahamu au degedege, na kuishiwa maji kwa kuharisha.

Muuguzi wa triaji akae mlangoni penyewe, kabla ya dirisha la malipo, na awe miongoni mwa wazoefu wako. Tunakosea tunapomweka pale mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo kwa kuwa eti ni kazi ya kuandika. Na rangi ipimwe upya: katika idara iliyojaa, aliyekuwa njano saa mbili usiku anaweza kuwa mwekundu saa nne, akiwa amenyamaza kwenye kona. Kila saa, muuguzi mmoja apite mabenchi yote na kipima oksijeni cha kidoleni, akianza na walionyamaza.

Wenye rangi ya kijani wasikaripiwe. Mama aliyepita kituo cha afya cha mtaa wake na kukuta kimefungwa, au hakina dawa, hakufanya kosa kuja kwetu. Mtengee chumba chake na muuguzi mmoja, amalize haraka, na ukimrudisha kituoni mpe karatasi iliyoandikwa ulichoona na ulichompa. Vituo vya maeneo ya afya ya Ibanda, Kadutu na Bagira-Kasha vipewe namba ya simu ya daktari wa zamu, na wapige kabla ya kutuma mgonjwa. Simu hiyo ina faida kubwa zaidi kwa wanaobebwa kwa kipoyi, ile machela ya mabegani, kutoka milimani au kuvushwa ziwani, kwani damu inaweza kutafutwa wakati bado wako njiani.

Maabara niipitie kwa haraka: kipimo cha haraka cha malaria na kile cha wingi wa damu vifanyike ndani ya idara yenyewe, na mtu maalumu apeleke sampuli nyingine kila nusu saa. Kuwatuma jamaa za mgonjwa na vichupa mikononi kunaongeza watu koridoni na kupoteza vichupa.

Jamaa hao wenyewe ni nusu ya msongamano tunaouona kwa macho, na bila wao hospitali zetu zisingeendeshwa, kwa kuwa wao ndio wanaoleta chakula, wanaoosha na wanaokesha. Usiwafukuze kwa mlinzi. Sema, "Mama, baki wewe, baba na wengine wangoje kwenye kibanda, nitakuja kuwaambia," kisha uende kweli kuwaambia. Mahali ambapo muuguzi hutoka kila saa kutoa habari, watu hawasukumani mlangoni.

Siku ya wengi kwa mara moja

Mkoa wetu unaijua siku hiyo. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko liliangusha kuta hapa mjini. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lililipuka Sange, katika bonde la Ruzizi, na zaidi ya watu 200 walikufa. Na tarehe 27 Februari 2025 milipuko katika Uwanja wa Uhuru iliacha majeruhi wengi kwa dakika chache. Katika siku kama hizo kazi ya kwanza ni kuondoa waliomo: ndani ya nusu saa, wote walioandikiwa kulazwa wapande wodini kwa utaratibu ule ule uliotiwa sahihi. Mlango wa kuingilia uwe mmoja, wa kutokea mwingine, na daktari mmoja asimame nje kupanga rangi bila kutibu. Kumbuka kwamba wanaotembea ndio hufika wa kwanza, kwa miguu na kwa pikipiki, na wakijaza vitanda vyote, walioumia vibaya wakiletwa baadaye watakuta hakuna nafasi. Wapeleke moja kwa moja kwenye uwanja au ukumbi uliochaguliwa mapema.

Andaa sanduku moja, lenye kufuli ambalo ufunguo wake hutundikwa mahali panapojulikana: kadi za rangi zenye kamba, kalamu za wino usiofutika, mikanda ya kuzuia damu, glavu, tochi na betri zake, na orodha ya simu iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu umeme unaweza kukatika na simu zikazimika. Betri zikaguliwe kila tarehe 1 ya mwezi, na aliyekagua aandike jina lake ndani ya kifuniko.